Fundi akishafariki, nani anakisemea kisu chake?

Taarifa ilikuja jioni kwenye grupu letu la wakusanyaji visu, meseji fupi tu kutoka kwa mtu anayefahamiana na mtoto wake, kwamba Mzee amefariki. Watu wakaanza kuandika poleni, apumzike kwa amani, fundi wa mafundi ametutoka, picha za visu vyake zikamiminika, kila mtu anaonyesha alichonacho. Halafu katikati ya zile pole, kati ya aliyeandika "tumepata pigo" na aliyeandika "Mungu awatie nguvu wafiwa", ikaingia picha ya kisu kimoja cha kuwindia, kisu cha kusimama kisichokunjwa, mgongo wa ubapa unashuka taratibu mpaka kwenye ncha, mpini wa pembe ya kulungu, na chini yake bei.

Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyolipa huyo mwenye kisu mwenyewe. Naijua kwa sababu alinunua kwangu.

"Kwa mwenye haraka," aliandika, "hivi havitengenezwi tena."

Marehemu alikuwa bado hajazikwa.

Niliandika meseji ya kumshushua, nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta nayo. Baadaye nikamfuata pembeni nikamuuliza kaka, hukuweza kusubiri hata wazike? Akanijibu bila hata kukasirika: "Ningesubiri, wiki ijayo kila mtu angekuwa ameweka chake mezani. Leo nipo peke yangu." Kisu kilinunuliwa usiku uleule.

Hilo jibu ndo limenikaa kichwani wiki zote hizi. Adabu hakuwa nayo, hapo sina mjadala. Kinachonisumbua ni kwamba kwa upande wa hesabu alikuwa sahihi kabisa, na mimi sikuwa na la kumwambia.

## Foleni ndo mtaji

Sisi wa visu vya oda tunajua kwamba kisu cha fundi mwenye jina hununui kwa hela peke yake, unanunua kwa kusubiri. Unaandikishwa kwenye daftari, mwaka unapita, mwingine unapita, siku moja simu inalia. Hata Bob Loveless, yule aliyekuja kujulikana kama fundi wa Riverside kule California na aliyefanya hilo umbo la mgongo unaoshuka lipendwe dunia nzima, alianzia kwenye foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda duka la Abercrombie & Fitch, New York, kutafuta kisu cha Bo Randall, fundi wa Orlando, akaambiwa asubiri miezi 9, akaona bora ajitengenezee chake. Akaishia kuwa na foleni yake mwenyewe, na visu vyake vikawa miongoni mwa vinavyotafutwa kwa bei kali kuliko vyote.

Foleni ikazaa foleni.

Sasa angalia hela inavyotembea hapo. Fundi anakuuzia kwa bei yake, ambayo mara nyingi ipo chini ya ile utakayoipata ukikiuza kesho yake. Watu wanauliza kwa nini asipandishe tu, na mafundi niliowauliza wengi wanajibu kitu kilekile: akipandisha mpaka ifike bei ya mitaani, soko likipoa atalazimika kushusha, na fundi akishaonekana ameshusha bei mara moja, daftari linaanza kufutika majina. Kwa hiyo anaacha nafasi kati ya bei yake na bei ya mitaani, na hiyo nafasi ndo walanguzi wanaishi ndani yake.

Kwenye maonyesho makubwa imefikia hatua fundi anaweka kiboksi mezani, wanaotaka kununua wanatumbukiza majina, linachotwa moja, na huyo aliyechotwa ndo anapata haki ya kulipa. Haki ya kulipa! Nimemshuhudia mtu kashinda, kalipa, hajafika hata mlangoni kisu kishahamia begi la mtu mwingine kwa bei nyingine. Fundi mwenyewe bado anahesabu noti mezani kwake anaona kila kitu.

Kuna mafundi wanaokuomba ukichoka na kisu uwarudishie wao kwanza kabla hujakipeleka sokoni, na mimi nawaheshimu kwa hilo ingawa hawana namna ya kukulazimisha.

Msimamo wangu ni kwamba aliyekaa na kisu, akakipenda, halafu shida ikamkuta au hamu ikaisha, auze kwa bei yoyote atakayopewa, hajamwibia mtu. Lakini yule anayejiandikisha kwenye madaftari ya mafundi wote ilhali hataki kisu hata kimoja, huyo kamkalia mtu nafasi. Kuna mtu nyuma yake alikitaka kweli. Ila ukitaka nikwambie mstari upo wapi hasa kati ya hawa wawili sitaweza, kwa sababu wa kwanza anageuka wa pili taratibu bila kujijua, na huwezi kuuona moyo wa mtu kwenye daftari la oda.

## Sio kila kifo kinapandisha bei

Hapa ndo nilipoanza kumwelewa yule jamaa wa usiku ule, sio kumsamehe, kumwelewa.

Watu wa nje wanadhani fundi akifa bei inapanda kama ya michoro ya wasanii wakubwa. Kwa wachache ndivyo. Loveless alifariki 2010 na jina lake halijashuka. Bill Moran, aliyeleta mbele ya wenzake visu vya chuma cha Damascus, kile cha tabaka chenye mawimbi, mwaka 1973 wakati Marekani karibu kila mtu alikuwa kakisahau, alifariki 2006, na visu vyake bado vinagombaniwa. Lakini hao ni watu waliobadilisha ufundi wenyewe. Kwa fundi mzuri wa kawaida, anayeheshimika na wateja wake mia mbili tatu hivi, ninachokiona mimi ni tofauti: wiki ya kwanza bei inaruka, wiki ya pili kila mwenye chake anakitoa kabatini, soko linafurika, halafu kimya, na baada ya mwaka ukikiweka hakuna anayeuliza.

Sababu ni kwamba huyo mzee ndiye aliyekuwa soko lenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa anakaa mezani kwenye maonyesho anasimulia, anapokea kisu chako kilichokwaruzika anakirudishia sura, anakukumbuka ulichagua mbao gani. Na la muhimu kuliko yote, ulikuwa unamtumia picha unamuuliza Mzee hiki ni chako kweli? Anakujibu kwa neno moja. Au anakujibu kama alivyonijibu mimi wakati fulani, "ubapa wangu, mpini simjui."

Hilo jibu la maneno manne lilinishusha bei yote ya kile kisu na lilikuwa jibu zuri kuliko cheti chochote.

Akishaondoka, ukweli wa kisu unabaki mikononi mwetu sisi tunaouza. Na sisi, tuambizane ukweli, tuna maslahi. Visu vya Loveless vimeigwa mpaka kuna watu kazi yao ni kuangalia tu kama ni vyenyewe, wanalinganisha nembo na mistari ya kusaga na namna boliti za mpini zilivyokaa, na hata hao wanatofautiana. Kwa fundi wetu mdogo nani atajisumbua? Hakuna kitabu. Kuna sisi na kumbukumbu zetu na picha za kwenye simu.

Kitu kingine kidogo ambacho watu wanakisahau mpaka warithi wanapotaka kuuza: mpini. Kama ni wa pembe za tembo, usifikirie kukituma nje ya nchi kirahisi. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989, na Marekani wakakaza kamba zaidi Julai 2016. Nimeona kisu kizuri ajabu kimekwama hivyo, mwenye hela yupo ng'ambo, mwenye kisu yupo huku, na kati yao mpini wa sentimita kumi na moja.

## "Hakijatumika"

Neno la hatari kuliko yote kwenye matangazo yetu ni hili. Linapandisha bei, na mtu anaweza kuliandika bila kupepesa.

Chukua kisu, kiweke chini ya taa, kigeuze taratibu mpaka mwanga ulale juu ya ubapa. Kama kimeingizwa na kutolewa kwenye ala mara nyingi utaona mistari myembamba sana, yote inaelekea upande mmoja, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, hiyo ni alama ya ala na sio dhambi. Kisha angalia makali pale yanapoanzia karibu na mpini. Kama ule ukanda mdogo wa kunoa ni mpana kuliko ulivyo katikati, au una mistari minene isiyofanana, kuna mtu ameshanoa na mikono yake, na aliyenoa alikuwa ametumia. Angalia na shaba ya kikingio: kijani kwenye kona inakwambia kimekaa ndani ya ala ya ngozi miaka, ngozi inanywa unyevu wa hewa na kuutema kwenye chuma, na ukitoa kisu cha namna hiyo mara nyingi utakuta tayari kuna vitobo vidogo vya kutu upande uliolala. Watu wanawekeza hela nyingi kwenye kisu halafu wanakihifadhi ndani ya kitu kinachokila!

Visu niongee mpaka asubuhi, lakini turudi kwenye kilichonifanya niandike.

## Muhuri unagongwa mapema

Baada ya msiba kutulia, mtoto wa marehemu alinipigia. Kwenye karakana kuna vitu, akasema, sisi hatuvijui, mama anaomba wewe na mwenzako mje muangalie. Huyo mwenzangu ni kijana aliyejifunza kwa Mzee, sasa ana jina lake dogo linalokua.

Tukakuta kila kitu kimekaa kama mtu ametoka kunywa maji. Kwenye droo ya chini kulikuwa na bapa kadhaa zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, zimesagwa, zimeng'arishwa nusu, na kila moja ina muhuri wake pale chini ya mgongo. Mtoto akazipanga mezani akazipiga picha, na kwenye picha, nakuapia, ungesema ni visu vinavyosubiri mipini tu. Tayari alikuwa na mtu anazitaka zote.

Yule kijana hakusema kitu. Akachukua tupa, akashika ubapa wa kwanza, akaipitisha kwenye ule mkia unaoingia ndani ya mpini, karibu kabisa na unapoanzia ubapa wenyewe. Tupa ikateleza, ikatoa mlio mwembamba, haikushika. Sawa. Ubapa wa pili, ikateleza. Wa tatu ikaingia. Unaijua sauti ya tupa inapokula chuma laini, ile ya kukwangua nzito, na ukiinua unakuta unga wa fedha umebaki kwenye meno. Wa nne ikaingia pia.

Kwa asiyefahamu: huo ubapa wa tatu haukuwa kisu. Ulikuwa kipande cha chuma chenye umbo la kisu. Mzee alitumia sana chuma kinachoitwa O1, ambacho unakipasha mpaka karibu nyuzi 800 za Selsiasi, unakizamisha kwenye mafuta kigumu ghafla, halafu unakirudishia joto la karibu nyuzi 200 ili kisiwe kama kioo. Kabla ya hapo ukikinoa kitakata karatasi vizuri tu mbele ya kamera, ukikata kamba mara chache makali yanalala.

Na muhuri, kama ni wa kugongwa kwa nyundo, unagongwa wakati chuma bado laini. Ukisubiri kiwe kigumu, muhuri wenyewe ndo unaharibika. Yaani saini ya fundi inakuja kabla kazi inayompa jina haijafanyika. Alipogonga alikuwa anasema *nitakitengeneza*, ila mnunuzi anakisoma kama *nimekitengeneza*.

Nimekusanya visu miaka mingi, hili jambo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na sikuwahi kuliwaza hivyo.

Kuna wenzetu waliojaribu kufunga huo mwanya. American Bladesmith Society, chama cha wafua visu cha Marekani kilichoanzishwa 1976 huku Moran akiwa miongoni mwa waasisi, hakikupi ruhusa ya kugonga herufi zao JS (Journeyman Smith, daraja la fundi aliyefaulu jaribio) kwenye visu vyako mpaka ubapa wako wa jaribio ukate kamba ya inchi 1 inayoning'inia kwa pigo moja, uteme ubao wa mbili kwa nne mara mbili, bado unyoe nywele za mkono, kisha ufungwe kwenye jiriwa upindwe nyuzi 90 bila kukatika. Na hapo hujapeleka visu kwa majaji kuangaliwa uzuri. Kwa hiyo kisu kinachothibitisha uwezo wa fundi kinaishia kupinda, hakiuzwi, na unachouziwa wewe ni ndugu yake ambaye hajajaribiwa. Hata hapo unamwamini mtu. Tofauti ni kwamba huyo mtu yupo, ukikuta kosa unamrudishia.

## Kijana, mtoto na mimi

Tukakaa na mama tukazungumza. Kijana alikuwa tayari kuzimalizia zile laini kwa daftari la Mzee, maana joto na dakika zote zimeandikwa humo. Mtoto alitaka zimaliziwe na ziuzwe kama visu vya baba, kwa sababu muhuri ni wa baba, aliugonga kwa mkono wake, kwa nini useme sio vyake? Mimi nikasema zile laini muhuri wake ukwanguliwe ndo ziuzwe.

Nilivyolisema hilo mama aliniangalia, nikajua nimekosa adabu mbele ya mfiwa. Nikanyamaza.

Lakini sikuwa nimebadili mawazo, mpaka kijana aliposema jambo la Riverside. Jim Merritt alifanya kazi na Loveless karakana moja miaka mingi, mikono yake imo kwenye visu vingi vilivyotoka pale, na wakusanyaji wanalijua hilo na hawajavikataa. Na Randall je? Bo Randall alifariki 1989 na karakana ya Orlando bado inatoa visu vyenye jina lake, foleni ya miaka, hakuna anayelalamika kadanganywa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeficha. Jina la Randall watu wanajua ni la karakana. Hivyo mikono miwili kwenye kisu kimoja haina shida, shida ni mnunuzi kudhani ni mkono mmoja.

Nikaona kijana ananizidi akili, na nilifurahi.

Tukakubaliana hivi, ingawa mtoto bado ananung'unika: bapa zilizokuwa tayari ngumu, kijana atazitia mipini. Zile laini atazimalizia kwa moto wa daftari lile, na upande wa pili wa kila moja, kabla ya moto, atagonga muhuri wake mwenyewe mdogo. Yote yataandikwa kwenye karatasi inayokaa na kisu, nani alifanya nini. Ubapa mmoja ulipinda kwenye mafuta, inatokea, na kwa mazoea ya Mzee ungeishia kwenye jiriwa unavunjwa. Mama akasema huo hauuzwi wala hauvunjwi, akaenda nao ndani.

Bei tukaijadili zaidi kuliko yote. Mtoto alitaka ile ya usiku wa msiba. Nikamwambia ile ilikuwa ya usiku mmoja. Tukaweka ile aliyokuwa anatoza Mzee mwenyewe mwaka wake wa mwisho, na hela inaenda kwa mama, kasoro ya kazi ya kijana. Kwenye foleni tumeanza na majina yaliyokuwa kwenye daftari la oda. Mzee hakuwa anachukua advansi, alisema hela ya mtu ikilala kwako inakulaza na wewe, na msiba ulipokuja tukaona faida yake: hakuna aliyekuwa anaidai familia hata senti. Walikuwa wanadai kisu tu.

Tangazo nimeandika mimi. "Ubapa umesagwa na kugongwa muhuri na marehemu. Umetiwa moto na kuwekewa mpini na mwanafunzi wake baada ya kifo chake." Basi.

Kuna mnunuzi, wa nne kwenye daftari, amekipenda, hela anayo, kitu kimoja tu ameomba: niiondoe ile sentensi ya pili kwenye karatasi inayokaa na kisu, nimwambie yeye kwa mdomo inatosha, maana ikiandikwa itamsumbua siku akitaka kukiuza. Nimempigia wa tano.